Folda Iliyobaki Chumbani kwa Mama Mkwe

"Nimeshakwambia haimo. Unataka nikuimbie ndiyo uelewe?"

"Imo, Mama Lilian. Angalia vizuri. Iko palepale nilipoiacha."

"Palepale wapi? Hapa naona kwaya. Kwaya juu, kwaya chini, kwaya katikati. Folda yako siioni."

"Hizo ni za juu juu. Ingia ndani."

"Niingie ndani mara ngapi? Mimi niko ndani. Aliye nje ni wewe."

Ni kweli Mugeta alikuwa nje. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba ya wakwe zake, Butiama, mchana kweupe, amevaa shati la kwendea kanisani, shavu amelibandika kwenye ubao wa dirisha la chumba anacholala mama mkwe. Mbuzi aliyefungwa kwenye mpapai alikuwa ameacha kula anamtazama. Hata mbuzi ana mambo ambayo hajazoea kuyaona.

Ndani alikuwa Getruda mkewe, amekaa mbele ya kompyuta kuukuu. Katikati yao palikuwa na ukuta wa tofali za kuchoma, na ndani ya ukuta ule kulikuwa na kitu kizito kuliko tofali: heshima ya ukwe. Kwa watu wa huku mkwe wa kiume haingii chumbani kwa mama mkwe. Haingii hata nyumba ikiwaka. Atasimama nje arushe maji kwa dirisha na aombe radhi kila ndoo. Alikuwepo mmoja zamani aliyethubutu, alifuata kuku wake aliyekimbilia chini ya kitanda cha mkwewe. Alitoka na kuku, lakini miguu ikamvimba mpaka ikawa mitungi, na alipokuwa akipita njiani watu walisikia maji yakicheza ndani. Kuku mwenyewe hakutaga tena.

Ndiyo maana fundi Mugeta, ambaye mtaa mzima wa Mukendo, mjini Musoma, unajua kwamba anaweza kufufua simu iliyozikwa na matanga yakaisha, alikuwa anatengeneza kompyuta kwa kuongea na dirisha.

"Sasa sikiliza," akasema, sauti ameishusha. "Ile folda niliificha mwenyewe kompyuta ikiwa bado bandani, watoto wanaokuja kuchukua nyimbo za kwaya wasije wakaifuta. Kwa hiyo tunaifichua kwanza. Sogeza mausi polepole, upande wa juu."

"Mausi gani?"

"Hiyo ya kushika na mkono."

"Mama ameifungia kwenye sanduku na vitenge vyake. Anasema mwizi akiikosa hiyo, kompyuta yote inakuwa kama ng'ombe asiye na kamba. Na ufunguo ameuvaa shingoni."

Mugeta akaegemeza paji la uso ukutani. Nyangi, mama mkwe wake, alikuwa amekwenda kwenye sala ya jumuiya nyumba ya tatu kutoka hapo, amewaachia chai na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na maneno kwamba wasiondoke mpaka arudi. Kwa sala zile za kwao, na kwa Nyangi anavyopenda kuanzisha wimbo mwingine watu wakiwa wameshashika viatu, muda ulikuwepo. Lakini muda wa kuibia kitu haunaga urefu.

"Basi tumia vidole," akasema. "Bonyeza kile cha pembeni. Kile... kile ambacho kidole kidogo kinakwendaga chenyewe."

"Kidole cha nani?"

"Changu."

"Basi kilete."

"Getruda."

"Mimi nauliza tu. Unanipa maelekezo ya kidole ambacho sinacho."

Na hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe. Mugeta alikuwa anazijua zile batani kama mama anavyojua njia ya kisimani gizani, lakini mdomo wake haukuwahi kuambiwa. Vidole vilikwenda vyenyewe. Akivinyanyua hewani na kuvichezesha juu ya ubao wa dirisha ndipo anakumbuka, na akishavitazama anasahau. Mbuzi alimwona fundi mzima akipiga kinanda ukutani, akaamua kurudi kwenye majani yake.

"Ungemsubiri mama tu arudi umwombe," Getruda akasema ndani. "Ni folda, siyo figo. Kwa nini tunajificha?"

Mugeta akasema, "Jaribu kile cha juu kabisa kushoto."

Kumwelewa mtu huyu lazima uanzie Nyasura, kule Bunda, alikozaliwa. Alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa na kazi: alikuwa anafungua redio ya baba yake kwa kijiko cha uji. Alipoifunga tena zikabaki skrubu nyingi mkononi, na redio ikawa inasema vizuri kuliko mwanzo, mpaka jirani akaapa kwamba msoma taarifa sasa anamsalimia kwa jina. Baba akauliza, "Umeifanyaje?" Mtoto hakujua alichofanya. Lakini hakusema hajui. Alikaza uso akasema, "Nimeipunguza uzito." Baba akacheka mpaka akakaa chini, akamhadithia kila mgeni aliyefika. Tangu siku hiyo Mugeta akashika fundisho baya: mtu akijibu haraka na kwa uso mkavu, hakuna anayeuliza mara ya pili.

Akakua nalo. Musoma alikokwenda kujifunza ufundi, Mukendo alikofungua banda lake, hapakuwa na swali lililomkuta bila jibu. Simu haishiki chaji? Ni unyevu wa ziwa. Televisheni inachora mistari? Ni bati jipya la jirani. Mara nyingi alikuwa anajua kweli, tusimpunje. Mkono wake ulikuwa mwepesi na jicho lake kali. Ila siku ambayo hakujua, jibu lilitoka vilevile, limechana nywele, limevaa viatu.

Baadaye akajifunza kuchora bodi, ile sahani ya kijani unayoiona ndani ya redio, yenye vijia vya shaba ambavyo umeme unapita kama siafu. Anaichora kwenye kompyuta, anaichapa kwenye karatasi ya kung'aa, anaiweka juu ya bati la shaba na kuipiga pasi kama anayenyoosha sare ya shule. Kisha anaitosa kwenye dawa inayokula shaba yote isipokuwa ule mchoro. Getruda hajawahi kuwa na pasi inayodumu katika ndoa ile. Gauni lake la ubatizo wa Lilian lina mstari wa shaba mgongoni mpaka leo, na wapo wanaosema akilivaa, redio ya jirani inakwaruza.

Kwa njia hiyo Mugeta akatengeneza taa ya kuvulia dagaa. Taa inayoelea, inakula jua mchana, na ina jicho dogo linaloangalia mbingu: giza likiingia inajiwasha, kukipambazuka inajizima. Mvuvi mwenye mikono iliyolowa hana haja ya kugusa kitu. Ile ya kwanza ilifanya kazi vizuri, akampelekea mama mkwe. Nyangi akaitembeza Butiama nyumba kwa nyumba kama mjukuu mchanga. "Mkwe wangu," alikuwa anasema, "ndiye atakayewasha ziwa." Sifa zikavuka vilima, zikafika upande wa Majita, zikamfikia Felisian, tajiri mwenye mitumbwi. Akaagiza taa kwa mitumbwi yake yote.

Wakati huohuo Mugeta alikuwa amepata kompyuta mpya ya kubeba. Ile ya mezani akaisafisha akampa mama mkwe, maana mama alikuwa anatamani kuona kwaya. Alibaki barazani siku hiyo, wengine wakaiingiza chumbani. Nyangi akaita seremala aijengee kabati la mninga lenye kufuli, uso wake tu, batani na tundu la flashi ndivyo vionekane, kabati zito hata chui ungemlaza humo ukapata usingizi. Kuitoa mle ni kuvunja. Na kwa heshima ya ukwe, kilichoingia kwa mama mkwe hakirudi kuombwa.

Sasa, kabla ya kumpa mama mkwe kompyuta ile, Mugeta aliuhamisha mchoro wa taa kwenye kompyuta mpya. Mchoro peke yake. Alipoufungua, programu ikagoma. Ikaleta kisanduku cha onyo, akakifunga, kikaja kingine, akakifunga, na mchoro ulipotokea, mahali pa kila kifaa alichowahi kukitengeneza kwa mkono wake palikuwa na kiboksi chenye alama za kuuliza. Akazima akawasha. Akautoa akaurudisha. Akafungua nakala ya zamani kidogo, nayo ikamuuliza vilevile. Akaifuta programu yote akaiweka upya, na bado viboksi vikamtumbulia macho, kila kimoja kikiuliza.

Akakaa, akafikiri, na akaelewa. Mchoro haubebi vifaa ndani yake. Unaviita kwa majina tu. Vyenyewe vinakaa kwao, kwenye folda yao. Ukihama na mchoro ukaiacha folda, ni sawa na kuhamia Tarime, ukapika, ukasimama mlangoni kuwaita watoto uliowaacha Bunda. Utaita mpaka ugali upoe. Na watoto wake Mugeta walikuwa Butiama, ndani ya kabati la mninga, miguuni pa kitanda cha mama mkwe.

Mtu mwingine angesema, nimesahau. Angepanda pikipiki, angekaa barazani, angesema, mama, kuna kitu nimekisahau. Mugeta akafikiria jinsi Nyangi angekunja uso: fundi, na wewe unasahau? Akaona haya. Akavichora upya vile vifaa kwa kichwa, mchana mmoja, na akajipongeza.

Taa zikatoka. Akazipanga mbele ya banda, jua la saa sita kichwani, akaziwasha. Zikawaka zote, nzuri kabisa. Watu wa Mukendo wakapiga makofi. Mugeta naye akapiga. Na katika watu wote wale hakuna aliyekumbuka, hata mwenyewe, kwamba taa ile mchana haikutakiwa kuwaka.

Lile jicho alikuwa amelipachika kinyume na kizuizi chake, kile kidude cha kubana umeme. Kimoja kimekaa kwa mwenzake. Basi mitumbwi ya Felisian ikaingia ziwani, jua likazama, na taa zikazama nalo. Giza lile lilikuwa zito mpaka wavuvi wakawa wanashikana masikio kuhakikisha wako wote. Dagaa walikuja, wakakuta hakuna sherehe, wakarudi kwao wakinung'unika. Kulipopambazuka, mitumbwi mitupu ikirudi pwani, taa zikawaka kwa pamoja, kali, kama mtu anayeanza kucheka wenzake wameshamaliza kulia. Kina mama waliokuwa na masinia wakisubiri dagaa wakaketi mchangani kwa kicheko.

Felisian akaja Mukendo na taa kwapani. Banda lilikuwa limejaa watu. Mugeta akaichukua, akalifunika jicho kwa kiganja, taa ikazimika. Akakiondoa kiganja, ikawaka. Hapo hapo akajua. Alijua kama mtu anavyojua amekanyaga mavi kabla hajaangalia chini.

"Nini hii, fundi?" Felisian akauliza.

Watu wote wakamwangalia. Na jibu likatoka, limechana nywele.

"Nani anashikaga taa kwenye mitumbwi yako?"

"Baltazari."

"Amezifungua. Amegeuza nyaya."

"Zote?"

"Zote."

Baltazari alikuwa mtu mzima mwenye watoto, mshika taa tangu enzi za karabai, mtu ambaye aliweza kuwasha utambi katikati ya upepo kwa kuukaripia. Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Pwani wakamwita Baltazari wa Mchana, na watoto wakawa wanamuuliza akipita kama ameshalizima jua.

Baadaye akaja bandani. Mugeta alipomwona alidhani amekuja kupigana, akajitayarisha, na karibu angefurahi. Lakini Baltazari alivua kofia.

"Fundi, sijaja kubishana," akasema. "Mimi nakumbuka sikufungua. Lakini wewe ndiye umesoma, labda nilifungua na kichwa kikasahau. Naomba unionyeshe nilipokosea, nisije nikarudia kwa tajiri mwingine."

Na Mugeta akamwonyesha. Alichukua bisibisi akamwonyesha waya ambao hakuugusa, na namna alivyougeuza, na namna ya kutougeuza tena. Baltazari aliitikia kwa kichwa, akaurudia mpaka akaujua. Akashukuru. Akaacha mfuko wa dagaa juu ya meza. Getruda aliwakaanga na nyanya, nyumba ikanukia vizuri, na Mugeta akasema tumbo linamsumbua. Kila akiangalia sahani aliona macho yote yale madogo yamemgeukia.

Alijaribu kujiokoa kimya kimya. Alirudisha jicho na kizuizi mahali pake. Taa ikawaka gizani, lakini betri ikavimba kama chura aliyetukanwa. Kumbe na vile vingine alivyovichora kwa kichwa havikuwa sawa, na hakujua kipi. Hakikubaki cha kuamini isipokuwa ile folda. Mwezi ulikuwa mkubwa, mitumbwi imepumzika pwani, maana dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa umejaa. Lakini mwezi haumsubiri mtu. Ukipungua, giza likirudi, mitumbwi itaingia tena ziwani, na Felisian alikuwa ameshasema ataweka mshika taa mwingine na hatamrudisha Baltazari mpaka afe.

Basi ndiyo maana fundi alikuwa dirishani.

"Nimebonyeza," Getruda akasema. "Kimefunga kila kitu. Sasa ni giza tupu na mstari mmoja."

"Usiguse tena."

"Sigusi. Nakaa. Nangoja. Baba Lilian."

"Nini?"

"Zile taa alizoziharibu Baltazari. Folda hii inahusiana nazo vipi? Kama yeye ndiye aligeuza nyaya, si ungezigeuza tu tena?"

Mugeta akaangalia mbuzi. Mbuzi hakuwa na msaada.

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Angesema, ni kwa ajili ya kuboresha. Angesema, ni toleo jipya. Uso ulikuwa mkavu, lakini hapakuwa na wa kuuona uso. Palikuwa na ubao tu, na ubao haudanganyiki kwa uso. Akafungua mdomo, jibu likagoma kutoka.

"Baltazari hakugeuza kitu," akasema. Alisema polepole mpaka ikabidi arudie. "Hakugusa. Ni mimi."

Kule nyumba ya tatu, watu wa jumuiya walikuwa wanaimba.

"Rudia," Getruda akasema.

"Niliacha folda huku. Nikachora kwa kichwa. Nikakosea. Felisian alipokuja, watu walikuwa wengi..."

"Watu walikuwa wengi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukamtoa Baltazari kama unavyotoa chenji."

"Getruda, shusha sauti."

"Nishushe wapi? Mimi nilimnunia mke wake sokoni. Alinipa mkono nikajifanya nafunga mtandio. Nilimwambia, mwambie mumeo mikono ni ya kushika, siyo ya kuchokonoa. Mbele ya watu. Alininyamazia tu. Na dagaa zao nikala."

Mugeta alihisi masikio yanachemka. Ungeweka sufuria juu yake ungepika.

"Na ukishaipata hii folda," mkewe akauliza, sauti sasa imetulia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, "Baltazari anarudi kazini?"

"Nikipata folda natengeneza taa upya. Zitawaka vizuri."

"Sijauliza taa."

"Felisian akiona zinawaka atasahau."

"Atasahau nini? Atasema, fundi ametengeneza alichoharibu Baltazari. Utakuwa umemzika mara mbili, na mara ya pili kwa sherehe."

Mugeta alikuwa amewaza hivyohivyo. Alikuwa amewaza mpaka mwisho, na mwisho ule ulikuwa umempendeza kidogo, na sasa alipousikia ukitamkwa na mdomo wa mwingine, nyuma ya dirisha la mkwe, alitamani ardhi ifunguke, lakini ardhi ya Butiama ina mawe mengi, haifunguki kwa kila mtu.

"Mimi sibonyezi tena," Getruda akasema. "Nimeondoa mikono, nimeiweka mapajani. Ukiitaka folda yako njoo uichukue."

"Unajua siwezi kuingia humo."

"Najua. Unaogopa aibu ya chumba cha mama. Ile ya Baltazari umeilalia kama godoro, tangu wakati huo mpaka leo. Njoo basi, tuone ni ipi inavimbisha miguu."

Mugeta akabandua shavu dirishani. Sauti za jumuiya zilikuwa zimeanza wimbo mwingine, na sauti ya Nyangi ilikuwa mbele ya zote, ndiyo iliyouanzisha. Muda ulikuwepo. Akazunguka nyumba. Akavua viatu barazani, akaona haitoshi, akavua na soksi. Akapita sebuleni palipokuwa na chai yake imepoa. Mbele ya pazia la chumba akasimama, akasema taratibu, "Hodi," ingawa alijua anayekaribishwa humo si yeye. Kisha akalisogeza pazia kwa kidole kimoja na kuingia ameinama, macho chini, kama anayepita chini ya waya wa kuanikia nguo.

Chumba kilikuwa na giza kwa sababu ya ubao wa dirisha, lakini hakikuwa na giza kabisa. Juu ya kabati, kwenye msumari, ilining'inia ile taa yake ya kwanza. Jicho lake lilikuwa limeona giza, na taa imejiwasha yenyewe, bila kuguswa na mtu. Nyangi alikuwa ameivalisha kitambaa cha kufuma. Mugeta akaitazama mara moja tu, akatazama pembeni.

Pa kukaa palikuwa kitandani peke yake. Getruda alikuwa amekaa hapo, hakusogea. Mugeta akapiga magoti sakafuni, akaweka vidole juu ya batani, na vidole vikajua. Skrini ikarudi, kwaya zikarudi, na katikati ya kwaya, hafifu kama kitu kilichofunikwa na ukungu, ikatokea folda. Akachukua flashi aliyokuwa amempa mkewe, akaichomeka. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

"Unakwenda taratibu hivyo?" Getruda akauliza.

"Ni ya zamani."

"Basi sema wakati unatambaa."

"Niseme nini?"

"Usinijibu kama mteja. Utamfanyaje Baltazari?"

Mstari ulifika katikati ukasimama kidogo, kama anayepanda mlima amekumbuka kitu. Mugeta alikuwa angali amepiga magoti. Aliiangalia mikono yake, ikamjia ile bisibisi, na ule waya, na Baltazari akirudia ili aujue vizuri.

"Tukitoka hapa nakwenda kwa Felisian," akasema.

"Nyumbani kwake?"

"Pwani. Asubuhi watu wakiwa wanatengeneza nyavu. Kule kule wanakomwita wa Mchana."

"Na bandani?"

"Na bandani."

"Utawaambia nini? Nataka nisikie. Wewe ukifika mbele ya watu mdomo wako una tabia yake."

"Nitawaambia taa zilikuwa mbovu tangu zinatoka kwangu."

"Zilikuwa mbovu kwa sababu ya unyevu wa ziwa?"

"Hapana."

"Kwa sababu ya bati la jirani?"

"Getruda, niache niseme." Sauti ilikuwa imempanda bila yeye kujua, na ya mkewe nayo ilikuwa imeshapanda zamani. Kama wimbo wa jumuiya ulikuwa umekoma, hakuna kati yao aliyesikia ukikoma. "Nitawaambia niliacha folda kwa mama mkwe, nikaona haya kuja kuiomba. Nitamwambia Baltazari ule waya niliomwonyesha ulikuwa uongo. Nitamwambia mbele ya mke wake, kwamba hajui kukosea taa, kwamba aliyekosea ni mimi, na nilijua siku ileile, nikiwa nimeishika mkononi nilijua, nika..."

Pazia likasogea. Nyangi alikuwa mlangoni, kitabu cha nyimbo kwapani, ufunguo shingoni, viatu vyake mkononi, na kwa namna alivyomtazama mkwewe aliyepiga magoti, alikuwa ameyasikia yote.